Je, Sinema Isiyo na Mwisho Ni Sinema?

Kuna maneno yanayotusumbua masikio siku hizi, nasi leo twataka kuyajibu. Maneno yenyewe ni haya: «Sinema hii haina kichwa wala miguu.» Twayasikia hapa Cimpunda, twayasikia sokoni Kadutu, twayasikia hata huko Ibanda kwa watu wenye diploma. Kijana akitengeneza picha fupi kwa simu yake, na hadithi yake isipokwenda moja kwa moja mpaka kwenye arusi au mazishi, huambiwa: «Mwanangu, hii si sinema.» Akipeleka karatasi zake penye shirika ili asaidiwe, huulizwa: «Fundisho lake ni lipi? Inamalizika namna gani?» Na wakubwa wakionyeshwa picha ambamo wafu wanasema, au ambamo mtu anaigiza mambo yaliyompata yeye mwenyewe, hutikisa kichwa: «Hayo ni mambo ya wasomi. Watu wetu hawawezi kuyafahamu.»

Wasomaji wapenzi, katika maneno hayo yote, ya mwisho ndiyo yanayotuudhi kuliko mengine. Watu wetu hawawezi! Nani amewapima? Kwa kipimo gani? Twasema waziwazi: maneno hayo ni ya uongo, tena ni uongo wa zamani, uliotungwa na wengine juu yetu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Anayeyarudia leo, yafaa ajue anarudia maneno ya nani.

Ni sinema gani tunayoitaja

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Sinema za makampuni makubwa, kama zile za Marekani na za India, zina njia yake inayojulikana. Shujaa anaonekana mapema, adui anamfuata, wanapigana, shujaa anashinda, taa zinawashwa, watu wanarudi nyumbani. Hatuzitukani. Watoto wetu wanazipenda, nasi pia tumecheka na kuogopa mbele yake. Lakini kuna sinema nyingine, zinazotengenezwa na watu wasio na kampuni nyuma yao, wenye fedha kidogo na uhuru mwingi. Hizo huitwa sinema huru. Kwa kuwa hakuna mwenye mali anayewahesabia faida asubuhi na jioni, watengenezaji wake huthubutu kusimulia kwa njia nyingine: huanzia mwishoni, huchanganya ndoto na kweli, huacha swali bila jibu, humweka mama wa soko au mchimbaji wa madini mbele ya kamera ili aseme kwa kinywa chake.

Hizo ndizo zinazoitwa fujo. Na hizo ndizo tunazozitetea.

Uongo wenye mvi

Mwaka 1945 serikali ya Wabelgiji ilikataza Wakongomani wasitazame sinema yo yote hadharani, isipokuwa ile iliyokwisha kukubaliwa kwa ajili yao. Mwaka 1952 Bwana L. Van Bever, aliyefanya kazi katika idara ya habari ya koloni, alichapisha kitabu kiitwacho «Le cinéma pour Africains», ndiyo kusema sinema kwa ajili ya Waafrika. Fundisho la watu wa namna yake lilikuwa fupi: Mwafrika apewe hadithi nyepesi, iende polepole, jambo moja lifuate jingine kama ngazi, pasiwe na kurudi nyuma wala kuruka mbele, wala mafumbo. Akili yake, walisema, bado haijazoea.

Waingereza nao hawakuwa mbali. Katika Tanganyika, tangu 1935 mpaka 1937, kulikuwa na jaribio lililofanyiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, la kuwatengenezea Waafrika sinema za mafundisho. Picha 35 zilitoka huko. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya huko Nigeria, alishika kanuni ile ile: picha ziwe ndefu na tulivu, pasiwe na ufundi wa kamera, hadithi inyoke. Wakaeneza na kisa cha kuchekesha. Walisema kwamba wanakijiji fulani walionyeshwa picha ya kufundisha usafi, na walipoulizwa wameona nini, walijibu: «Kuku.» Maana kuku alikuwa amepita mahali katika picha, mara moja tu, na mabwana wenyewe hawakuwa wamemwona.

Tangu siku zile kisa hicho kimesimuliwa kama ushahidi kwamba sisi hatujui kutazama. Lakini tufikiri vizuri. Nani hapo hakujua kutazama? Ni wale walioona kila kilichopita mbele yao, au ni yule aliyetengeneza picha mwenyewe asijue kuna nini ndani yake? Mwenye macho haambiwi tazama.

Wala tusifiche ya nyumbani. Misioni pia zilitengeneza sinema. Hapa hapa Bukavu Mapadre Weupe walikuwa na Africa Films. Huko Luluabourg, mji unaoitwa Kananga leo, mapadre wa Scheut walikuwa na kazi kama hiyo, na Padre Van Haelst aliwachekesha watu sana kwa Matamata na Pilipili. Walibeba mashine na kitambaa cheupe mpaka vijijini, wakati wengine hawakujali. Ni haki kuwashukuru. Lakini tukisema kweli, njia ya nyingi katika picha hizo ilikuwa ile ile ya mabwana wa idara ya habari: mpumbavu anakosea, anapata hasara, mwenye busara anamwonya, mwisho wote wanatabasamu. Mtazamaji hakuulizwa neno. Kazi yake ilikuwa kupokea.

Basi, tunapomsikia mkubwa wa shirika akisema leo kwamba «watu wa chini» wanataka hadithi nyepesi yenye fundisho mwishoni, twamtambua Bwana Van Bever amevaa shati jipya. Zamani njia ilikuwa: mshenzi, mwalimu, mtu safi. Siku hizi njia ni: mama aliyeteswa, shirika lenye gari jeupe, mama anayetabasamu na cherehani yake. Ni barabara ile ile. Magari tu yamebadilika.

Wazee wetu walisimulia namna gani?

Wengine wanatuambia: «Hizo hadithi zilizopinda ni desturi za Ulaya. Hadithi ya Kiafrika huanza kwa ‹hapo zamani› na humalizika kwa fundisho.» Hao wanawasingizia wazee.

Twendeni kwa jirani zetu Wanyanga, huko Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956 mzee mmoja, Candi Rureke, alimsimulia mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake hadithi ndefu ya Mwindo. Ilichukua siku kumi na mbili. Mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, walichapisha maneno yake. Haya, nani atasema kwamba hadithi ile imenyoka? Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, ngoma inaelea, yeye ndani anaimba. Anashuka kuzimu, anapanda mbinguni, wafu wanafufuka. Na Rureke mwenyewe hakusimulia kama mtu anayesoma gazeti. Aliimba, alicheza, aliigiza kwa mwili wake, na mara kwa mara aliiacha hadithi katikati ili azungumze juu ya nafsi yake, au awakumbushe wasikilizaji juu ya zawadi, au awaseme wale waliokuwa wakiandika. Kisha alirudi kwenye hadithi, na watu walirudi pamoja naye. Hakuna aliyelalamika kwamba amepotea.

Kama mtengenezaji wa sinema leo angefanya hayo, yaani kuichana hadithi katikati, kujionyesha mwenyewe, kuchanganya nyimbo na mapigano na safari ya kuzimu, wangesema ameiga Ufaransa. Kumbe amemwiga Rureke!

Na tusidhani kwamba masikio hayo yamekufa. Ingieni katika banda la video mahali po pote katika Afrika hii ya Mashariki ambapo watoto na vijana hulipa kidogo na kujazana mbele ya televisheni. Wanatazama sinema ya Marekani au ya Hong Kong, lakini wanasikiliza mtafsiri. Uganda humwita VJ. Tanzania walimpenda Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Mtafsiri huyo hatafsiri tu. Anatania, anaongeza, anampa adui jina la kuchekesha, anasema na watazamaji, wakati mwingine anageuza hadithi nzima. Huko Wakaliga, mtaa maskini wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 sinema yake «Who Killed Captain Alex?» kwa fedha ambazo hazitoshi kununua kamera nzuri, na sauti ya mtafsiri ikawekwa ndani ya sinema yenyewe, ikipiga kelele na kuwasifu waigizaji. Kichwa kinauliza nani alimwua Kapteni Alex, na sinema inakwisha bila kutujibu. Dunia nzima imeicheka na kuipenda. Ni wasomi waliofanya hayo? La! Ni watu wa mtaani, waliopewa nafasi ya kuwa wao wenyewe.

Picha za nchi yetu

Tuache sasa maneno ya jumla, tutazame sinema zenyewe, maana mti hujulikana kwa matunda yake.

Ya kwanza ilifanyika katika mji wetu. Mwezi wa Mei 2015 Mswisi Milo Rau alikusanya hapa Bukavu baraza la hukumu lisilo na nguvu ya sheria. Kesi zenyewe zilikuwa za kweli: mauaji ya Mutarule ya mwezi wa Juni 2014, machimbo ya dhahabu ya Twangiza, machimbo ya Bisie. Mashahidi walikuwa wa kweli, wanasheria wa kweli, kati yao mwenzetu Sylvestre Bisimwa. Na aliyekaa kwenye kiti cha mkuu wa baraza, Jean-Louis Gilissen, ni mwanasheria wa kweli. Kilichokuwa cha kuigiza ni kitu kimoja tu: mahakama. Kwa nini? Kwa sababu mahakama ya kweli haikuwepo! Sinema ikatoka mwaka 2017. Wengine walisema: «Huo ni mchezo wa kuigiza, na watu wamekufa kweli.» Sisi twauliza: wale waliofiwa Mutarule, walikuwa na mahali gani pengine pa kusimama mbele ya watu wenye mamlaka na kuuliza swali? Hapo mchezo ulisema kweli, na ofisi zenye mihuri ndizo zilizokuwa zikiigiza.

Ya pili ni ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, «En route pour le milliard», iliyochaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana kwa siku sita katikati ya mji wa Kisangani, mji usio wao. Waliobaki na vilema waliungana, na baada ya miaka mingi ya kungoja malipo walipanda mashua wakateremka mtoni karibu kilometa 1,700 mpaka Kinshasa, kudai haki yao. Hamadi aliwafuata kwa kamera. Lakini kati ya mvua na turubai la mashua, anatupeleka ghafula kwenye jukwaa la mchezo, ambapo wale wale wenye kukatika miguu na mikono wanaigiza na kuimba msiba wao. Mwenye kupenda njia nyofu atauliza: «Sasa tuko wapi, mtoni au jukwaani?» Jibu ni kwamba tupo pote pawili, maana mtu aliyepatwa na msiba huishi pote pawili. Mchana yuko safarini, usiku yuko mwaka 2000.

Na mwisho wake? Sinema haimalizi kwa mfuko wa fedha. Ingewezaje? Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005, na malipo yenyewe, dola milioni 325, yalipangwa mwaka 2022, miaka ishirini na miwili baada ya mabomu. Kama Hamadi angebuni mwisho mtamu mwaka 2020, angekuwa mwongo mbele ya watu waliompa siri zao.

Ya tatu imetoka kwa jirani zetu wa Goma. Mwaka 2022 Maisha Maene alitengeneza picha fupi «Mulika». Mtu aliyevaa kama msafiri wa anga anatokea katika mlima wa moto Nyiragongo na kutembea mjini kati ya watu. Wapo waliocheka: «Msafiri wa anga huko Goma!» Ndugu zetu, wachimbaji wa Kivu wanachimba kwa mikono madini yanayoingia katika simu na mashine za dunia nzima, na mitaa yao haina taa. Hilo silo jambo la ajabu kuliko msafiri wa anga? Msanii ametia ajabu moja katika picha ili tuione ile ajabu nyingine tuliyokwisha kuizoea. Hata «Neptune Frost», iliyotengenezwa Rwanda mwaka 2021 na Saul Williams na Anisia Uzeyman, inawaimbisha wachimbaji wa koltani kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, kwa sababu iyo hiyo.

Ya nne ni «Tongo Saa» ya Nelson Makengo, ya mwaka 2024. Hiyo ni Kinshasa bila umeme na yenye mafuriko. Picha nyingi ni giza tupu lililokatwa na tochi na taa ndogo za watu wanaopita. Mtu wa mji wenye umeme atadhani kamera imeharibika. Mtu wa Cimpunda hahitaji kufafanuliwa. Anajua jinsi uso wa jirani unavyoonekana kwa mwanga wa simu, nusu upo, nusu haupo. Hapa ndipo tunapotaka wasomaji watuelewe: njia mpya ya kusimulia si pambo juu ya maisha. Mara nyingi ndiyo maisha yenyewe, kwa mtu anayeyaishi.

Njia za mlima

Mgeni akifika Cimpunda huuliza kwa nini njia zetu zapinda hivi, kati ya nyumba na nyumba, juu na chini. Mwenyeji anajua. Huu ni mlima. Atakayekata njia iliyonyoka toka juu mpaka chini, mvua ya kwanza itaigeuza korongo, na nyumba zitaifuata. Njia imepinda kwa sababu ardhi imepinda.

Hadithi zetu vile vile. Tangu 1996 vita vimeingia katika Kivu, vikaitwa vimekwisha, vikarudi na majina mapya. Mwezi wa Februari 2025 watu wa M23 waliingia Bukavu, na kila nyumba ina yake ya kusimulia. Mwambie mama mmoja akusimulie miaka hiyo. Ataanzia 2025, ataruka mpaka 1996, atakumbuka sufuria aliyoiacha barabarani, atanyamaza, ataimba kidogo, atamtaja marehemu kana kwamba yuko mlangoni. Nani atathubutu kumwambia: «Mama, hadithi yako haina kichwa wala miguu»? Basi kwa nini twamwambia hayo mtoto wake anayeshika kamera?

Hapo ndipo ulipo ubishi wetu wote. Anayetulazimisha tusimulie kwa kunyoka anatulazimisha tuseme kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Hadithi yenye mwisho uliofungwa vizuri humpa mtazamaji ruhusa ya kulala. Wapo wenye nguvu wanaopenda sana watu walale.

Wanaotupinga wasema nini?

Tuwape haki yao. Wa kwanza wasema: «Hata mwana wa Bukavu, Mweze Ngangura, alitetea sinema inayowafurahisha watu.» Ni kweli, nasi twajivunia. «La vie est belle» ya mwaka 1987, pamoja na Papa Wemba, iliwachezesha watu. Lakini itazameni «Pièces d'identités» ya mwaka 1998, iliyopata tuzo kubwa ya FESPACO, Étalon de Yennenga, mwaka 1999. Mfalme mzee Mani Kongo, na kofia yake na vitu vyake vya enzi, anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, kama katika ngano za moto wa jioni, lakini ngano inatembea kati ya polisi, baa na maduka ya rehani. Huyo mzee wa ngano ndani ya mji wa Wazungu, ni njia iliyonyoka? Kufurahisha na kupinda si maadui. Rureke aliwafurahisha watu siku kumi na mbili.

Wa pili wasema: «Sinema iliyonyoka nayo ina kazi yake.» Hatukatai. «L'homme qui répare les femmes», ya Thierry Michel na Colette Braeckman, yaeleza kazi ya Daktari Mukwege wa Panzi kwa utaratibu ulio wazi, na ilikuwa na ukali wa kutosha mpaka serikali ikaipiga marufuku mwaka 2015 kabla ya kuifungulia. Sisi hatusemi njia nyofu ifungwe. Twasema isiwe peke yake.

Wa tatu wasema: «Kuna vijana wanaojificha nyuma ya mafumbo kwa sababu hawana la kusema.» Ni kweli tena. Kuchanganya watu si ufundi. Kamera inayotikisika bila sababu, kimya kirefu ambacho ndani yake hamna kitu, kioo kilichovunjika kwa sababu mwenzako huko Kinshasa alivunja kioo: huo ni uvivu uliovaa nguo za sikukuu. Kipimo chetu ni kimoja. Muulize mtengenezaji: «Kwa nini umepinda hapa?» Akijibu kwa jambo la watu aliowapiga picha, msikilize. Akijibu kwa jina la tamasha la Ulaya, mwache.

Lawama kwa watengenezaji wenyewe

Na hapa twawageukia nyinyi mnaotengeneza, maana mapenzi bila ukweli si mapenzi. Mara ngapi sinema iliyopigwa katika mitaa yetu huzunguka Berlin, Locarno, Amsterdam, na watu waliomo ndani yake hawaioni hata mara moja? Mara ngapi inarudi na maandishi ya Kifaransa na Kiingereza, bila neno moja la Kiswahili chini yake, ili mama aliyeisema aweze kumsomea jirani? Mnasema mnakataa sinema ya mabwana. Lakini bwana ni yule unayemwekea chakula kwanza. Ikiwa Ulaya wanakula moto na Cimpunda wanasikia harufu tu, mmebadili nini?

Mtu asiyeonyeshwa hawezi kuzoea, wala hawezi kukosoa. Nanyi mnahitaji kukosolewa na watu wa hapa. Watu watakaosema «kuku» ndio watakaowaambia mmeacha nini ndani ya picha bila kujua.

Basi tufanye nini?

Hatutaki kumaliza kwa kulalamika. Yako mambo manne yanayowezekana, hata kwa watu wenye mfuko mwepesi.

Kwanza, wenye kumbi wazifungue: ukumbi wa shule, wa parokia, wa chama, ukuta mweupe na jenereta ndogo. Mara moja kwa mwezi yatosha. Waonyeshe picha ya nchi yetu, si ya kupitisha wakati tu.

Pili, pawe na msimulizi. Kama filamu ni ya Kilingala au ya Kifaransa, mtu asimame kando na kuitafsiri kwa Kiswahili chetu, kama mafundi wa mabanda ya video wanavyofanya, ila kwa heshima ya kazi ya mwenzake.

Tatu, baada ya picha watu wasitawanyike. Waulizwe, lakini wasiulizwe swali lile la shule, «mmejifunza nini?» Waulizwe: «Mmeona nini?» Mzee ajibu, mtoto ajibu, mama wa mkaa ajibu. Kuuliza si ujinga. Tutashangaa ni mambo mangapi watu wetu «wasioweza» wameyaona.

Nne, mashirika yanayotoa fedha kwa vijana yaache kudai mwisho mtamu kabla kazi haijaanza. Anayeagiza tabasamu atapewa tabasamu, na atakuwa amelinunua. Kama kweli yanataka kuwasikia watu wa Kivu, yavumilie kusikia jambo lisilokwisha.

Nanyi vijana wa Cimpunda mwenye simu mkononi na hadithi kichwani, mkiambiwa hii si sinema, msitupe kazi yenu wala msigombane na wazee. Ombeni nusu saa. Onyesheni. Kisha nyamazeni, mwache kimya kikae kidogo, msikilize ni nani atakayeanza kusema.